Kati ya Shika na Shusha

Katika karakana ile ya mitambo mizito hapakuwa na mtu aliyeitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Kijana mwembamba aliyepenya chini ya buldoza bila kungoja jeki aliitwa Sindano. Mama aliyekaa juu kabisa, karibu na mabati ya paa, ndani ya kibanda cha vioo cha winchi, aliitwa Mama Winchi. Hata mumewe alipomletea miwani aliyoisahau nyumbani, alimwulizia langoni kwa jina hilo. Na fundi aliyesimama chini, redio ya mkononi karibu na midomo, akimwongoza mama huyo kwa sauti, aliitwa King'ora.

Jina lilimstahili. Sauti yake ilikuwa pana na tulivu, nayo ilipita katikati ya kelele za kompresa na nyundo bila yeye kutoa jasho. Kazi yake ilikuwa ya maneno matatu. Pandisha, mzigo unakwenda juu. Shusha, unakuja chini; na neno hilo sharti lirudiwe pasipo kukoma, shusha, shusha, shusha, kwa maana likikatika tu mzigo nao husimama. Shika, mzigo unabaki pale pale ulipo, kwa sababu yuko mtu aliyeingiza mkono au kichwa mahali ambapo chuma kilikuwa kinaelekea. Kibanda cha winchi kilikuwa juu mno, na kiwiliwili cha mtambo kilimficha aliyelala chini yake. Mama Winchi hakuona kitu. Aliona kwa masikio, na masikio hayo yalikuwa yamemzoea mtu mmoja tu. Siku fulani King'ora alipokuwa na ruhusa, mwingine aliishika redio, akababaika, na mzigo ukakalia ngazi ya chuma ukaikunja kama karatasi. Tangu hapo mama alitoa tamko lake: "Mimi sauti ya mtu mwingine siisogezei hata kijiko cha chai."

King'ora alilipokea tamko lile kama heshima. Hakujua kwamba siku moja lingemfungia mlango.

Ajali yenyewe ilikuwa ndogo, tena ya kuchekesha. Sindano alikuwa chini ya buldoza akifungua bamba la tumboni, na bolti zilikuwa zikimdondokea usoni. Katika karakana ile mafundi walikuwa na desturi yao, nayo ilikatazwa kwa maandishi makubwa ukutani: kofia ngumu ilivuliwa, ikageuzwa, ikawa bakuli la bolti. Kofia ya Sindano ilikuwa imebaki kwenye kigingi kwa sababu haikupita naye chini ya bamba.

"Shemeji," alisema Sindano kutoka chini, "nipe bakuli. Bolti zinataka kunihesabu meno."

Sindano alikuwa mdogo wa mkewe, wa tumbo moja, na King'ora mwenyewe ndiye aliyemwombea nafasi pale. Akavua kofia, akaisukuma chini. Kisha akainama kuokota spana, akainuka kwa haraka, na utosi wake ukakutana na kona ya mlango wa injini ulioachwa wazi.

Hakuona nyota, kama watu wasemavyo. Aliona weupe mtupu, kama shuka lililoanikwa karibu na uso. Akajikuta ameketi chini, miguu imenyooka mbele yake kama ya mtoto, na spana bado iko mkononi. Damu ilikuwa kidogo sana.

Karakana nzima ikaitikia kwa pamoja: "Pole, chuma!"

Huo ulikuwa utani wao. Kila mtu alipojigonga kichwa, pole ilipewa chuma. Mtu akiguna, wenzake hukipapasa kile chuma, hukiuliza kama kimeumia, hukishauri kiende kupumzika. Na mzushi wa utani huo, tangu enzi za ujana wake, alikuwa King'ora mwenyewe. Basi angefanya nini? Alicheka. Akakipapasa kichwa kwa kiganja kimoja na mlango kwa kiganja cha pili, akasema kwa sauti yake pana, "Kimebonyea kidogo, lakini kitapona." Watu wakavunjika mbavu. Kisha akaenda nyuma ya ghala la matairi, akatapika mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa mkono wa gwanda, akarudi kazini.

Yeyote aliyekutwa bila kofia ndani ya mstari wa manjano uliozunguka eneo la kazi alipoteza kazi siku hiyo hiyo, na aliyesababisha naye alimfuata. Msimamizi alikuwa si mtu mkatili, ila alikuwa mtu wa neno lake, na mtu wa namna hiyo haombwi mara mbili.

Siku zilizofuata kichwa kilimuuma kama kilichofungwa kamba inayokazwa taratibu. Mwanga wa mashine ya kuchomelea ulimchoma hata akiwa amempa kisogo mchomeleaji. Hayo aliyavumilia, kwa kuwa fundi wa mitambo mizito ambaye haumwi popote hajaanza kazi. Lililomtia hofu lilitokea nyumbani, mezani, jioni ya kawaida kabisa.

Binti yake mdogo alikuwa amepanda kiti na kuikumbatia chupa kubwa ya chai, akimletea baba. Chupa ikaanza kumteleza. King'ora alitaka kumwambia ashike. Alilitaka neno hilo, alilijua, aliliona kabisa lilivyo. Kinywa chake kikasema, "Shusha! Shusha!"

Mtoto alikuwa mtiifu. Akaiachia.

Chai ilitapakaa hadi mlangoni, vigae vya ndani ya chupa vikalia. Mtoto hakuungua, lakini alimwangalia baba yake kwa macho ya mtu aliyeonewa. "Baba, si wewe umesema nishushe?"

"Nimesema ushike."

"Umesema ashushe," alisema mkewe kutoka jikoni. Alikuja na kitambaa, akapiga magoti, akaanza kufuta. Alikuwa mwanamke asiyepaza sauti. Mambo mazito aliyasema huku mikono yake ikifanya jambo jingine. "Baba watoto, juzi umeniomba ufunguo wa chumvi. Jana umesema nifunge taa. Nikasema amechoka, nikanyamaza. Una nini?"

"Uchovu."

"Uchovu huo umekupiga wapi?"

Akaokota kifuniko cha chupa. Mkewe aliikamua chai kutoka kwenye kitambaa, akasema bila kuinua kichwa, "Haya. Ila kumbuka yupo mtoto wa mama yangu anayelala chini ya vyuma kwa sauti yako."

King'ora aliingia msalani, akajifungia, akajitazama katika kioo kidogo cha kunyolea. "Shika," alisema polepole. Ikatoka shika. "Shusha." Ikatoka shusha. Akayarudia yote mawili, akayachanganya makusudi, akayapanga, akayapangua; kila neno lilitoka safi kama sarafu mpya. Moyo ukatulia kidogo. Kisha akaelewa, na utulivu ule ukamgeukia kuwa baridi. Ulimi wake ulikuwa mzima wakati wa amani. Ungemsaliti wakati wa haraka tu. Na neno shika halikuwa na wakati mwingine ila wakati wa haraka.

Asubuhi alimkuta msimamizi akipanga kazi. Eskaveta kubwa ilikuwa imemaliza matengenezo, na sasa ilibaki kurudishiwa ule uzito wa chuma unaokaa nyuma yake ili isipinduke inapochimba. Wenyewe waliuita tako, na hawakuwa na jina jingine la kuuita. Lilikuwa bonge la chuma kubwa kuliko kabati la nguo, nalo hufungwa kwa bolti zinazopandishwa kutoka chini. Mtu hulala chini ya fremu, akayatazama matundu, akayapatanisha kwa mtaimbo na kwa vidole, tako likiwa linaning'inia juu yake.

"Bwana msimamizi," King'ora alisema, "leo naomba nilale chini mimi. Sindano aite kwenye redio."

Msimamizi alimtazama kuanzia kifuani hadi tumboni, akasimama hapo tumboni. "Ulale chini? Na huo mtungi utauacha wapi?"

"Nitajibana."

"Mzee, ukijibana humo tutakutoa kwa gesi ya kukatia. Na yule Sindano sauti yake ni ya mbu. Mama wa juu atadhani redio ina hitilafu." Akacheka, kisha akamkazia macho. "Kwani kuna nini? Unaumwa?"

Mlango ulikuwa huo, uko wazi. Yalihitajika maneno machache tu. Lakini msimamizi angeuliza uliumia lini, na kofia ilikuwa wapi, na jibu la pili lingemtoa langoni si yeye peke yake bali na ndugu wa mkewe. King'ora alilitazama swali lile kama mtu anavyotazama shimo la ngazi gizani.

"Siumwi," alisema.

Alimfuata Sindano, aliyekuwa akipaka bolti grisi huku akiimba kwa pua.

"Shemu, nataka kukuambia jambo. Ule mlango wa injini niliojigonga."

"Pole, chuma!" alidakia Sindano.

"Acha utani. Kichwa hakijapona. Maneno yananipotea. Nasema hili, linatoka lile."

Sindano alicheka kwanza, kwa kuwa alidhani bado ni mzaha. Alipouona uso wa shemeji yake akaiweka bolti chini, akaangalia kushoto na kulia.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi ishie kwangu. Shemeji, sikiliza. Ukisema kichwa, utasema na kofia. Ukisema kofia, utasema bakuli lilikuwa la nani. Mimi nina mke mjamzito, na wewe una wako ambaye ni dada yangu. Tutakwenda kula wapi sote?" Akaokota bolti yake tena. "Ita taratibu tu. Mara ngapi umeniitia? Sauti yako naijua kuliko ya baba yangu. Mimi hata ukikosea nitaisikia kabla haijatoka."

Lilikuwa neno la upendo, na lilikuwa neno la kipumbavu. Kila aliyemwendea alimrudisha mahali pale pale, kwenye duara lililochorwa sakafuni kwa rangi nyeupe, penye miguu ya mwongozaji. Mmoja alimrudisha kwa dhihaka, mwingine kwa hofu, na yule wa tatu, aliyekuwa juu kwenye vioo, kwa kumwamini.

Akasimama katika duara. Huko akabuni hila. Akajiapia kwamba neno shika halitatoka kinywani mwake siku hiyo. Atasema pandisha, atasema shusha, na akitaka mzigo usimame atafumba mdomo, kwa kuwa kimya nacho ni amri. Mtu asiyelitafuta neno hawezi kuokota lisilo lake. Hila ilikuwa nzuri. Ilikuwa na kasoro moja tu, nayo aliijua, lakini aliisukuma pembeni: kwa miaka mingi, kila aliyelala chini alipopiga kelele, kinywa cha King'ora kilizoea kulirudia neno lake kwenye redio kabla akili haijapewa taarifa.

"Mama Winchi, habari ya huko juu?"

"Huku joto tu, baba. Paa hili litanikaanga. Tuanze?"

"Pandisha."

Tako likanyanyuka juu ya mikanda yake, zito na polepole, likapita juu ya sakafu, likasimama nyuma ya eskaveta. Sindano akapenya chini ya fremu kwa mgongo, miguu yake ikabaki nje, viatu vikitazama juu.

"Shusha, shusha, shusha." Akafumba mdomo. Tako likasimama.

Redio ikakoroma. "Nishike?"

"Ndiyo."

"Shusha, shusha." Kimya.

"Nishike?"

"Ndiyo."

"Leo umekuwa bwana harusi," alisema Mama Winchi, "kila unaloulizwa ni ndiyo. Umekula nini?"

King'ora alitabasamu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi pumzi ilimfika chini ya mbavu. Tako lilikuwa limebakiza nafasi ya kiganja likae kwenye fremu. Kwa kuwa mzigo ulikuwa umesimama, Sindano aliuchomeka mtaimbo, akausukuma, tundu moja likapatana na jingine likakataa. Alisema jambo ambalo halisemwi mbele ya wazazi.

"Kidogo tena, shemeji!"

"Shusha, shusha, shu..."

"Shika! Shika hapo, mkono wangu uko ndani!"

Sauti ya Sindano ilitoka chini nyembamba na kali. King'ora aliisikia. Alielewa kila silabi. Kinywa chake kikaruka mbele yake, kama kilivyozoea, kulirudia neno.

"Shusha!"

Alilisikia likitoka. Alilisikia kwa masikio yake, na wakati huo huo likitoka kwenye redio ya msimamizi upande wa pili wa karakana, kwa sauti pana, tulivu, ya kuaminika. Tako likashuka. Halikushuka sana, neno halikurudiwa, na Mama Winchi, mtu wa kanuni, alisimamisha mkono wake. Lakini lilishuka kiasi cha unene wa kidole.

Sindano hakupiga kelele mara moja. Viatu vyake vilitetemeka kwanza. Kisha akalia, kilio ambacho kompresa haikuweza kukifunika, ingawa hakikufika juu kwenye vioo.

"Glavu! Imenibana! Pandisha, shemeji, pandisha!"

Neno lilikuwa moja. Lilikuwa jepesi, halikuanza na herufi za yale mawili, na King'ora hakuwahi kulikosea. Akaileta redio mdomoni. Lakini kile kilichokuwa kimekaa nyuma ya meno yake hakukijua tena. Akikibonyeza kitufe na kufungua kinywa, huenda ikatoka pandisha. Huenda ikatoka ile nyingine, na vidole vya mtoto wa mama mkwe wake vingekuwa karatasi. Hapakuwa na kioo pale cha kujaribia.

"King'ora?" redio iliuliza. "Nishike?"

Jibu la "ndiyo" lingeuacha mzigo pale pale, na "hapana" ingeweza kueleweka kuwa ashushe. Alitaka kumwambia mama ateremke aje ajionee. Akalitafuta neno la kumwambia hivyo, akalipata, nalo lilikuwa shuka. Hata neno la kuomba msaada lilikuwa limevaa nguo za yule mwuaji.

Akatoka kwenye duara. Mwongozaji haachi duara mzigo ukiwa juu. Hilo liliandikwa ukutani kwa herufi kubwa kuliko habari za kofia. Akalala kifudifudi sakafuni kwenye mafuta, akajisukuma chini ya fremu, tumbo lake likakwaruza, mpaka uso wake ukafikia uso wa Sindano uliokuwa umepauka kama majivu. Akaiweka redio midomoni mwa kijana, akakibonyeza kitufe.

"Sema wewe."

"Pandisha!" alilia Sindano. "Pandisha, mama!"

Tako halikusogea.

"Huyu nani?" Mama Winchi aliuliza. "Huyo ni mbu. Mpeni King'ora. King'ora yuko wapi? Sigusi kitu mpaka nimsikie yeye."

Tamko lake lile. Alilishika barabara, kwa uaminifu wa mtu aliyeahidi kutomdhuru yeyote. King'ora alilala pale, bega lake likigusana na bega linalotetemeka, chuma juu ya utosi wake usio na kofia, kwa kuwa kofia ilikuwa imemtoka alipokuwa akijisukuma. Hapakuwa na njia ya kulia wala ya kushoto. Sauti aliyoitaka mama ilikuwa yake, na sauti yake ndiyo iliyokuwa imeharibika. Basi ilimpasa aitumie kuikana.

Akakibonyeza kitufe. Akasema polepole, akilipima kila neno kabla ya kuliachia, kama mtu anayepita juu ya mbao zilizooza.

"Mama. Mimi ni King'ora. Usiniamini. Nilijigonga kichwa. Sikuwa na kofia. Nikisema neno, linatoka jingine. Neno la mwisho nililosema... lilikuwa baya. Huyu mbu ndiye mkweli. Mkono wake umebanwa. Msikilize yeye. Mimi usinisikilize tena."

Karakana yote ilikuwa na redio. Nyundo zilinyamaza moja baada ya nyingine.

"Mbu," sauti ya Mama Winchi ilisema, "sema tena, mwanangu."

"Pandisha!"

Tako likanyanyuka.

Msimamizi aliwakuta wameketi sakafuni, King'ora akiukumbatia mkono wa Sindano kifuani pake kwa viganja viwili, glavu ikiwa imelowa. Hakukaripia. Aliita gari, aliita kisanduku cha huduma ya kwanza, na wakati wakifunga bandeji akachuchumaa mbele ya King'ora, akauliza kwa sauti ya chini swali lile lile ambalo King'ora alilikimbia asubuhi.

"Siku hiyo kofia ilikuwa wapi?"

King'ora alifungua kinywa. Hakuna kilichotoka, wala hakujua kama ni ugonjwa au ni kusudi.

"Ilikuwa na bolti zangu," alisema Sindano, macho amefumba. "Andika hivyo. Nilimwomba bakuli."

Msimamizi aliinuka, akautazama ule ukuta wenye maandishi, akawatazama mafundi waliosimama duara, akavitazama na vichwa vyao. Wawili wao kofia walikuwa wamezishika mikononi, zimegeuzwa, zina bolti. Walizimwaga taratibu na kuzivaa, na hakuna aliyecheka.

Daktari aliagiza chumba chenye mwanga hafifu, utulivu, na subira. Alipoulizwa subira hiyo ni ya muda gani, alisema hajui, na King'ora alimheshimu kwa hilo. Alilala katika chumba chake mwenyewe, mapazia yamefungwa mchana, akiwasikia watoto wakinong'ona ukumbini kama watu waliofiwa. Mkewe aliingia na kutoka. Alimlisha, alimfulia, alimbadilishia shuka, na kuhusu mkono wa ndugu yake hakusema neno. Hilo lilikuwa zito kuliko kama angesema. Kuta nne alizokuwa amezijenga mwenyewe, akazipaka rangi mwenyewe, zilimsogelea kila siku kidogo. Kazi hakuwa nayo tena. Sauti alikuwa nayo, ila ilikuwa kama mbwa aliyemng'ata mtoto wa nyumbani: mtu hajui kama afungwe au afunguliwe.

Alasiri moja mlango uligongwa kwa kiwiko. Sindano aliingia, mkono umefungwa mpaka kifundoni, akaketi kwenye kiti kando ya kitanda. Kidole cha shahada hakikurudi naye kutoka hospitalini, na viwili vya jirani yake havikukunjika. Naye alikuwa ameachishwa kazi. Alisimulia habari za karakana alizozipata langoni: kwamba sasa msimamizi mwenyewe ndiye mwitaji, kwamba Mama Winchi humrudishia kila neno mara mbili, na kwamba kufunga bolti moja siku hizi kunachukua muda wa kuposa mchumba.

"Mke wangu naye anakusalimu," aliongeza. "Anasema akizaa wa kiume hatamwita kwa jina lako. Siku ukitaka kumwita, utasema chumvi."

King'ora alicheka, kichwa kikamwuma, akaacha. Alikuwa na jambo la kumwambia kijana yule tangu sakafuni kwenye mafuta. Alikuwa amelitayarisha kwa siku nyingi katika giza lile, neno moja tu, la kawaida, ambalo hata mtoto hufundishwa mapema. Lakini sasa mwenyewe alikuwa mbele yake, ule mkono mweupe umelala juu ya goti, na moyo ukaanza kwenda mbio, na King'ora alijua kinachotokea moyo unapokwenda mbio. Alitaka kusema nisamehe.

"Nisahau," alisema.

Wote wawili walilisikia. Lilikaa kati yao chumbani. King'ora alitikisa kichwa, akafumba macho, akakaza ngumi juu ya shuka. Midomo ikafunguka na kufumba, na kila alichokigusa ndani kilikuwa nisahau.

Sindano alisogeza kiti karibu, akauinua ule mkono akauweka ukingoni mwa kitanda.

"Si hilo, shemeji," alisema. "Tafuta jingine. Sina pa kwenda."

Na akangoja.